Linki za Kamisheni Zikae Wapi? Mwongozo Kamili kwa Mwenye Tovuti

Swali linalonifikia mara kwa mara kutoka kwa wenye tovuti wa Dodoma na Singida ni lile lile: "Watu wanaingia, linki nimeweka, mbona kamisheni haiji?" Linki ya kamisheni ni ile inayompeleka msomaji wako kwa muuzaji, na akinunua, muuzaji anakulipa kiasi fulani. Ukifungua tovuti yenyewe unakuta matangazo yamerundikana juu ya ukurasa, mengine pembeni, na katikati ya makala, pale ambapo msomaji angehitaji kuambiwa bidhaa inapatikana wapi, hakuna kitu.

Mara nyingi shida si uchache wa wasomaji. Linki imewekwa palipokuwa na nafasi, wakati ilitakiwa ikae pale msomaji anapofanya uamuzi. Muuza karanga wa stendi ya Nane Nane analijua hili: anakuja dirishani basi likiwa limesimama na abiria anatafuta cha kutafuna njiani. Basi likishashika barabara kuu, halifukuzii.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: makala inayomwonyesha mkulima namna ya kujua kama zabibu zake za mvinyo zimefikia kuvunwa. Kama wewe unaandika kuhusu laptop za wanafunzi wa UDOM, au safari ya kwenda kuona michoro ya miambani kule Kolo, Kondoa, badilisha bidhaa. Hatua hazibadiliki.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Tovuti unayoweza kuihariri mwenyewe, iwe ya WordPress au nyingine.
- Makala tatu au nne ambazo tayari zina wasomaji. Google Search Console itakuonyesha ni zipi, na ni ya bure.
- Akaunti iliyokubaliwa kwenye mpango mmoja wa kamisheni, au makubaliano ya maandishi na muuzaji wa hapa nchini.
- Njia ya kupokea pesa iliyothibitishwa. Soma masharti ya malipo kabla ya kuweka linki hata moja: Amazon, kwa mfano, hulipa takribani siku 60 baada ya mwezi uliouza kuisha.
- Google Analytics, inayohesabu wasomaji na mibofyo, iliyounganishwa na tovuti.
- Simu ya Android ya kawaida yenye bando la kawaida. Usijaribu kwenye kompyuta ya ofisini yenye intaneti kali, maana wasomaji wako hawapo huko.
- Daftari au jedwali la Excel la kuandika kila linki ilipo.

## Hatua ya 1: Chagua makala, usianze na tovuti nzima

Fungua Search Console, nenda kwenye ripoti ya utendaji, chagua makala moja, kisha uangalie maneno ambayo watu waliandika Google hadi wakafika kwako.

Maneno hayo yanakuambia msomaji yuko umbali gani na pochi yake. Aliyeandika "zabibu ni nini" au "historia ya zabibu Dodoma" anasoma kwa kutaka kujua. Aliyeandika "jinsi ya kupima sukari ya zabibu", "bei ya kipima sukari" au "pampu ya sola ipi nzuri" ana kazi mbele yake na anatafuta kifaa. Anza na huyu wa pili.

Tahadhari: usiweke linki kwenye kila makala kwa sababu tu unaweza. Makala ya kuelimisha isiyo na kitu cha kununua iache ilivyo, na kutoka humo mpeleke msomaji kwenye makala yako nyingine iliyo karibu na uamuzi. Hiyo nayo ni linki, tena yenye faida.

Umefaulu ukiwa na makala mbili au tatu, na kwa kila moja unaweza kusema kwa sentensi moja msomaji wake anataka kufanya nini leo.

## Hatua ya 2: Hakikisha mzigo unamfikia msomaji wako

Hapa ndipo wengi wanaanguka, na hakuna mbinu ya kupanga linki itakayowaokoa. Msomaji wa Hombolo anabofya, anakuta bidhaa ambayo haitumwi Tanzania, au gharama ya usafirishaji inazidi bei ya kifaa. Anarudi nyuma, na safari nyingine hakuamini tena.

Kwa hiyo jifanye mnunuzi. Fungua linki, weka anwani ya Tanzania, fika hadi ukurasa unaoonyesha jumla ya gharama. Kama mzigo haufiki, linki hiyo haina kazi kwa msomaji wa hapa, hata kamisheni iwe kubwa kiasi gani. Angalia pia makala za zamani: Jumia, kwa mfano, ilifunga shughuli zake Tanzania mwezi Novemba 2019, kwa hiyo linki iliyokuwa ikimpeleka mteja kwenye duka lake la Tanzania ni ya kuondoa.

Masharti ya muda nayo yasome. Kwenye Amazon, mteja akibofya linki yako, anachonunua ndani ya saa 24 ndicho unachohesabiwa. Akiweka bidhaa kwenye kikapu ndani ya saa hizo, muda unasogea hadi siku 90 kwa bidhaa ile. Akaunti mpya inatakiwa iwe imeleta mauzo matatu ndani ya siku 180, vinginevyo inafungwa. Ndiyo maana nasema usikimbilie kujiunga kabla makala hazijapata wasomaji: saa inaanza kwenda siku ile ile.

### Muuzaji wa hapa hapa

Kwa tovuti nyingi za huku kwetu, njia bora ni kuongea na duka la vifaa la mjini ambalo tayari linatuma mizigo kwa basi. Hawana mfumo wa kamisheni? Utengenezeni pamoja, kwa linki ya WhatsApp. Inaandikwa hivi:

wa.me/255XXXXXXXXX?text=Nahitaji%20kipima%20sukari%20ZB07

Weka namba ya duka mahali pa X. Msomaji akibofya, WhatsApp inafunguka ikiwa na ujumbe tayari, pamoja na kodi yako ZB07, yaani alama ya siri ndogo inayoonyesha mteja ametoka kwako. Ile %20 inasimama badala ya nafasi kati ya maneno. Kila makala ipe kodi yake, ili duka likikuambia "wamekuja watu wa ZB07" ujue wametoka ukurasa gani.

Makubaliano yaandikwe, hata kama mwenye duka ni shemeji yako. Yataje kamisheni ni asilimia ngapi au shilingi ngapi kwa kila kifaa, mteja aliyeuliza leo na kununua baada ya wiki mbili anahesabiwa au la, mizigo inayorudishwa inakatwaje, na siku ya malipo ni ipi. Kipengele cha wiki mbili kisimamie kwa nguvu. Mkulima haulizi bei leo na kununua leo, anasubiri auze kitu kwanza.

Umefaulu ukiwa na bidhaa ambayo mtu aliye Chamwino au Manyoni anaweza kuilipia na kuipokea, na wewe unajua gharama yake yote.

## Hatua ya 3: Tafuta mahali pa uamuzi ndani ya makala

Hii ndiyo hatua inayobeba mwongozo wote, kwa hiyo usiipite haraka.

Chukua makala yetu ya zabibu. Inaanza kwa kueleza kwamba rangi na ladha peke yake hazitoshi kujua kama zabibu za mvinyo zimeiva, kwa sababu kinachoangaliwa ni sukari. Kisha inaeleza kifaa. Mkulima anakamua matone mawili matatu ya juisi juu ya kioo cha kipima sukari, anafunga kifuniko, anakielekeza kwenye mwanga na kuchungulia. Anaona bluu juu na nyeupe chini. Pale rangi mbili zinapokutana ndipo anaposoma kipimo, kwa nyuzi za Brix, yaani kipimo cha sukari iliyomo kwenye juisi. Zabibu za mvinyo kwa kawaida huvunwa zikiwa na nyuzi 20 na ushee.

Sasa, linki ikae wapi?

Isikae kwenye aya ya kwanza. Pale msomaji bado anajiuliza kama anahitaji kifaa chochote. Isikae katikati ya maelezo ya kukamua na kuchungulia pia, kwa sababu yuko kwenye kufuata maelekezo, na ukimtoa nje ya ukurasa hapo, huenda asirudi. Na isikae ndani ya onyo. Mtu anayesoma kwamba kioo kichafu kinatoa kipimo cha uongo hataki kuuziwa kitu sekunde hiyo.

Mahali pake pa kwanza ni mara tu baada ya aya inayoeleza namna ya kuchagua kifaa. Mwambie achukue cha kipimo cha 0 hadi 32 Brix, kwa sababu kinatosha kwa zabibu tangu zikiwa changa hadi mavuno. Mwambie achague kinachojirekebisha kwa joto, ambacho kwa kawaida hufanya hivyo kati ya nyuzi joto 10 na 30, kwa kuwa jua la Dodoma saa sita mchana linapotosha kipimo. Mwambie kirudishwe kwenye sifuri kwa maji yaliyochemshwa na mvuke wake kukusanywa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za gari. Akimaliza aya hiyo, swali linalobaki kichwani mwake ni moja tu: nakipata wapi? Linki inakaa hapo, kwenye mstari unaofuata.

Mahali pa pili ni baada ya hatua zote za matumizi kuisha. Yupo msomaji ambaye haamini mpaka aone kazi yote inavyofanyika. Huyu amekuvumilia hadi chini, usimlazimishe kupanda tena juu kutafuta linki.

Mahali pa tatu, kama makala ni ndefu, ni pale unapojibu pingamizi. "Je, siwezi kuazima kwa jirani?" Jibu kwa ukweli: unaweza, mkiwa mnavuna siku tofauti. Kisha waambie wenye mashamba yanayopakana wanunue kimoja kwa pamoja, na linki hii hapa. Ushauri wa namna hiyo unakupunguzia mauzo ya leo lakini unakujengea msomaji, na mimi naona ni biashara nzuri.

Kuna jaribio rahisi. Soma aya kwa sauti hadi mwisho, halafu jiulize: kama msomaji angekuwa amekaa mbele yangu, angeuliza "nakipata wapi?" sasa hivi? Kama angeuliza, weka linki. Kama angeuliza kitu kingine, jibu hicho kingine kwanza.

Tahadhari: bidhaa moja isiwe na linki kila aya. Kwa makala ya maneno elfu moja, mbili au tatu zinatosha. Zikizidi hapo, msomaji anaanza kusoma makala yako kama tangazo, na anakuwa na haki.

Umefaulu ukiwa unaweza kuonyesha kila linki kwa kidole na kusema inajibu swali gani la msomaji.

## Hatua ya 4: Andika maneno ya linki yanayosema ukweli

"Bofya hapa" haimwambii mtu chochote. Maneno ya linki yaseme kitakachotokea akibofya. "Angalia bei ya kipima sukari cha 0–32 Brix" ni nzuri. "Uliza bei dukani kwa WhatsApp" ni nzuri zaidi kama ndiko anakoenda, kwa sababu mtu hapendi kushtukia WhatsApp imefunguka bila kutarajia.

Linki ionekane kuwa ni linki: iwe na rangi tofauti na maandishi, ikiwezekana na mstari chini. Usiibadilishe rangi ifanane na aya ili ukurasa upendeze.

Usiandike bei kwa mkono. Bei hubadilika na wewe utasahau, na kwa Amazon kufanya hivyo ni kinyume na masharti yao. Usiifiche linki ya Amazon ndani ya huduma za kufupisha linki kiasi kwamba mtu hajui anakwenda wapi, na usinunue kupitia linki yako mwenyewe. Yote hayo yanaweza kukufungia akaunti.

## Hatua ya 5: Tamko liwe juu ya linki ya kwanza

Mwambie msomaji kwamba unalipwa. Andika kabla ya linki ya kwanza, kwa Kiswahili cha kawaida:

*"Baadhi ya linki kwenye makala hii zinanipatia kamisheni ukinunua kupitia linki hizo. Wewe huongezewi bei."*

Sentensi ile ya pili iandike tu kama umeihakikisha. Ukiwa na muuzaji wa hapa, muulize waziwazi kama hatapandisha bei kwa wateja wako. Amazon wana tamko lao wanalodai liwepo kwenye tovuti, linakili kutoka kwenye masharti yao.

Wengine wanalificha tamko kwenye ukurasa wa "Kuhusu sisi", wakihofia litafukuza watu. Kinachofukuza watu ni kugundua wenyewe baadaye.

## Hatua ya 6: Iambie Google kwamba linki inalipiwa

Tangu 2019 Google wana alama maalumu ya linki zinazolipiwa, zikiwemo za kamisheni. Kwenye WordPress bonyeza aya yenye linki, fungua nukta tatu, chagua kuihariri kwa HTML, kisha hakikisha linki inasomeka hivi:

`<a href="anwani-ya-linki" rel="sponsored nofollow">maneno ya linki</a>`

Hifadhi, fungua ukurasa, bofya linki kuona kama bado inafanya kazi. Alama za nukuu zikiwa zile zilizopinda za kwenye Word, alama haitasomeka vizuri, kwa hiyo ziandike moja kwa moja kwenye ukurasa, usizinakili kutoka Word. Linki zako za ndani, zinazotoka makala moja kwenda nyingine, usiziwekee alama hii.

## Hatua ya 7: Vitufe na majedwali

Kitufe kimoja kwa makala kinatosha, na kikae mahali pa uamuzi wa kwanza. Kiwe na urefu wa angalau pikseli 48 kwenda juu, na nafasi ya kutosha kuzunguka, ili kidole gumba kisiguse kitu kingine.

Jedwali la kulinganisha bidhaa ni zuri, lakini lina mtego. Kwenye kompyuta unaona safu tano, na linki iko safu ya mwisho kulia. Kwenye simu safu hiyo iko nje ya kioo, na wasomaji wengi hawajui kama jedwali linasogezwa pembeni. Weka linki kwenye safu ya kwanza, chini ya jina la bidhaa, na safu zisizidi tatu.

Madirisha yanayoruka na kufunika ukurasa yaache. Google wamekuwa wakiyahesabu dhidi ya kurasa za simu tangu Januari 2017, na mtu anayelipia bando hana sababu ya kuyavumilia.

## Hatua ya 8: Jaribu kama msomaji

Chukua ile simu ya kawaida. Zima Wi-Fi. Fungua Chrome kwenye dirisha la siri, tafuta makala yako Google, isome hadi linki ya kwanza na uibofye. Angalia vitu hivi: ukurasa ulichukua muda gani kufunguka, linki ilionekana bila kuitafuta, na umefika kwenye bidhaa yenyewe au kwenye ukurasa wa mbele wa duka. Linki inayompeleka mtu ukurasa wa mbele inamwachia kazi ya kutafuta upya, na wengi hawaifanyi.

Kisha rudia ukianzia Facebook. Linki ikibofywa ndani ya Facebook, ukurasa kwa kawaida hufunguka kwenye kivinjari cha humo humo, na kumbukumbu zake haziingii Chrome. Msomaji akiangalia bidhaa pale, halafu jioni akainunua kupitia Chrome, kamisheni yako inaweza kupotea. Kwa wasomaji wa Facebook, linki ya WhatsApp yenye kodi inakulinda zaidi, kwa sababu kodi inabaki ndani ya ujumbe na muuzaji anaiona hata baada ya siku kumi.

Umefaulu ukiwa umefika kwenye bidhaa kwa kubofya mara moja, kwa simu, kwa bando, bila kukuza kioo kwa vidole.

## Hatua ya 9: Pima, kisha badilisha kitu kimoja

Google Analytics inaweza kurekodi yenyewe mibofyo inayotoka nje ya tovuti, hakikisha tu kipimo hicho kimewashwa. Kwa kila makala andika wasomaji, mibofyo na mauzo. Gawanya mibofyo kwa wasomaji, zidisha kwa 100. Tuseme watu 400 wamesoma na 12 wamebofya: hiyo ni asilimia 3.

Kama hawabofyi, kasoro iko hatua ya 3 au ya 4: mahali au maneno. Kama wanabofya lakini hawanunui, usihamishe linki, maana imeshafanya kazi yake. Rudi hatua ya 2, uangalie bei, usafirishaji na muuzaji anavyojibu ujumbe. Mtumie muuzaji ujumbe kwa namba nyingine uone anachukua muda gani kujibu. Mara nyingi jibu liko hapo.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, na usubiri mamia ya wasomaji wapite kabla ya kuamua. Ukibadilisha mahali, maneno na kitufe siku moja, hutajua kilichosaidia ni kipi.

Misimu nayo izingatie. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, karibu na Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Makala ya kupima sukari inategemewa isomwe zaidi wiki za kuelekea mavuno. Ukilinganisha Februari na Mei utadhani umeharibu kitu, kumbe mashamba yamepumzika. Linganisha msimu kwa msimu, na mabadiliko makubwa yafanye mapema, Januari au Julai, kabla wasomaji hawajaanza kumiminika.

Mara moja kwa mwezi pitia daftari na ubofye kila linki. Bidhaa ikiwa imeisha dukani, ondoa linki siku hiyo hiyo hata kama huna mbadala, na uandike mahali pake kwamba mzigo haupo kwa sasa. Ukipata muuzaji mwingine, mpitishe kwanza hatua ya 2 ndipo umrudishe kwenye makala.